Kabla hujanunua kontroo boksi: jinsi ya kuipima na kuibadilisha kwenye Toyota za 1NZ

Maswali kuhusu kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini (ECU), ni yale yale kila siku. "Gari inapiga staata ila haiwaki, fundi kasema kontroo boksi imekufa, nanunua wapi?" Alafu linakuja la pili, "nimeshabadilisha kontroo boksi na bado haiwaki, nifanyeje?" Hili la pili ndo linaniuma, maana mtu ameshatoa hela yake, na mara nyingi ile kontroo boksi aliyoitoa ilikuwa nzima kabisa. Kwahiyo naandika yote hapa kwa mpangilio, kuanzia kupima mpaka kufunga nyingine. Ukishasoma, hata kama huna mpango wa kushika spana mwenyewe, utajua cha kumuuliza fundi wako.

Mfano nautoa kwenye Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyopo kwenye Ist, Raum, Probox, Premio, Allion, Corolla NZE121 na baadhi ya Vitz, maana ndo zimejaa barabarani kwetu. Gari nyingine utaratibu ni ule ule, majina ya waya na mahali boksi ilipo ndo vinabadilika.

Nadharia kidogo tu. Kontroo boksi inasoma sensa, alafu inaamua nozo zimwage mafuta kiasi gani na koili zitoe cheche saa ngapi. Ili iishi inataka vitu vitatu: umeme wa betri uifikie, athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) iwe safi, na ile volti 5 inayotengeneza yenyewe kwa ajili ya sensa isivutwe chini na shoti. Kimoja tu kikikosekana itaonekana imekufa wakati haina ugonjwa wowote. Kazi yote ya kupima ni kuthibitisha hivyo vitatu kwanza, lawama baadae.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Maltimita ya dijitali, hata ya bei ya kawaida, mradi betri yake ndogo isiwe imechoka
- Taa ndogo ya LED ya kupimia (sio ile testa ya balbu, nitaeleza kwanini)
- Pini nyembamba mbili tatu za kuingiza nyuma ya soketi
- Soketi namba 10 ya kufungulia nati, bisibisi ya nyota na ya bapa
- Mashine ya kusoma hitilafu, ikiwezekana inayojua Toyota za Japani
- Ramani ya waya ya gari yako, ya modeli hiyo hiyo na mwaka huo huo
- Spirei ya kusafishia vifaa vya umeme na brashi laini
- Betri yenye chaji. Hii watu wanaipuuza alafu wanapima gari nzima kwa betri iliyochoka, majibu yote yanatoka ya uongo

Ramani ya waya usiiruke. Bila ramani unabahatisha rangi za waya, na rangi zinatofautiana hata kwenye gari mbili zinazofanana kwa nje.

SEHEMU YA KWANZA: KUPIMA

1. Fungua swichi bila kupiga staata, angalia taa ya cheki injini.

Hiki kipimo ni cha bure na kinaongea sana. Funguo ikiwa ON na injini haijawaka, taa ya cheki injini lazima iwake. Ikiwaka maana yake kontroo boksi angalau ina uhai. Isipowaka kabisa, basi aidha balbu imeondolewa au imeungua (kwenye gari za mtumba wapo wanaoitoa makusudi ili kuficha hitilafu), au boksi haina umeme, au haina athi, au volti 5 imeanguka, au kweli imekufa. Uwezekano ni mwingi na kifo chake ndo cha mwisho kwenye foleni.

2. Pima betri.

Gari ikiwa imezimwa iwe karibu volti 12.6. Ukipiga staata isishuke chini ya volti 10 hivi. Ikishuka sana, boksi inaweza kuzima yenyewe katikati ya staata, we ukadhani mbovu. Chaji kwanza au azima betri nyingine.

3. Fyuzi na rilei.

Tafuta fyuzi ya EFI (mfumo wa mafuta) na ya IGN (swichi), alafu ile ya umeme wa muda wote. Usiangalie kwa macho tu, weka waya mwekundu wa maltimita kwenye vile vijichuma viwili vya juu ya fyuzi, kimoja baada ya kingine, swichi ikiwa ON. Pande zote mbili ziwe na volti za betri. Upande mmoja ukiwa na umeme na mwingine hauna, fyuzi imekatika hata kama inaonekana nzima. Rilei (swichi inayowashwa na umeme) ya EFI badilishana kwa muda na nyingine ya aina ile ile hapo hapo kwenye boksi la fyuzi uone kama kuna mabadiliko.

4. Pima umeme kwenye soketi ya kontroo boksi yenyewe.

Kwenye hizi gari boksi ipo nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Kwenye baadhi ya matoleo ya mbele zaidi imehamia chini ya boneti. Acha soketi ikiwa imechomekwa, ingiza pini kwa nyuma ya soketi ikifuata waya, usitoboe waya na usichomeke ncha ya maltimita kwa mbele, maana ile tundu ikitanuka haitashika tena vizuri na umeshajitengenezea ugonjwa mpya.

Kwenye ramani tafuta BATT na +B. BATT iwe na volti 12 muda wote hata funguo ikiwa mfukoni. +B ije pale unapofungua swichi, kwa sababu inapitia kwenye rilei ya EFI. Ukikosa kimojawapo acha kuisema boksi, fuata waya kurudi nyuma mpaka uone umeme unapopotelea.

5. Pima athi, na hapa ndo penye ugonjwa wa gari nyingi.

Waya za athi zinaandikwa E1, E01, E02 na kadhalika. Weka maltimita kwenye volti DC, waya mweusi kwenye temino hasi ya betri yenyewe, waya mwekundu kwenye E1 kwa nyuma ya soketi, swichi ON, alafu mtu apige staata. Isizidi volti 0.1. Ukiona 0.5, ukiona volti nzima, athi imeoza mahali. Fuata waya mpaka kwenye boliti inayoufunga kwenye injini, fungua, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, funga tena kwa nguvu. Gari iliyoshushwa injini alafu fundi akasahau boliti moja ya athi inaleta dalili zote za kontroo boksi mbovu: inakosa nguvu, taa zinawaka ovyo, gia zinagonga, mara inawaka mara haiwaki. Boliti moja tu.

Msipime athi kwa mlio wa maltimita. Mlio unalia hata kama umebaki uzi mmoja wa shaba, na uzi mmoja hauwezi kubeba mzigo.

6. Pima volti 5.

Chomoa soketi ya sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), swichi ON, pima kati ya waya wa VC (volti 5 ya sensa) na E2 (athi ya sensa). Uone kati ya 4.5 na 5.5. Ukiona sifuri na umeshathibitisha umeme na athi vipo, usikimbilie dukani. Sensa moja yenye shoti ndani inaweza kuivuta hiyo volti mpaka chini, na ikianguka boksi inanyamaza: taa ya cheki injini haiwaki, mashine haisomi chochote. Chomoa moja moja sensa zote zinazotumia huo waya wa VC kwa mujibu wa ramani (throto, pedali ya mafuta kama ni ya umeme, na nyinginezo) huku maltimita ipo pale pale. Ukichomoa moja na volti 5 ikarudi ghafla, umemkamata mwizi, nunua hiyo sensa uendelee na maisha yako.

Zikiisha zote na bado sifuri, toa temino hasi ya betri, chomoa soketi ya kontroo boksi, alafu pima kama waya wa VC umegusana na bodi ya gari. Waya ukiwa safi na volti 5 bado haitoki, hapo sasa boksi ina kesi ya kujibu.

7. Mashine, na tahadhari yake.

Hapa kuna mtego ambao umewagharimu wengi. Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina soketi ya kupimia inayofanana kabisa na OBD2 (mfumo wa kawaida wa kusoma hitilafu za gari), ila lugha ndani sio ile ile. Ukichomeka kile kidude cha ELM327 cha bluetooth kinazunguka tu, hakiunganishi, na mtu anahitimisha kontroo boksi imekufa. Hapana. Tumia mashine inayojua Toyota za Japani. Pia nyingi zake zinakubali ile njia ya zamani: unaunganisha pini namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, unafungua swichi, taa ya cheki injini inapepesa na we unahesabu mipepeso. Ila kuwa makini usiguse namba 16, hiyo ina umeme wa betri moja kwa moja.

Mashine ikiunganisha, kodi (namba za hitilafu) za kuipa uzito ni P0601, P0604 na P0606, zinazungumzia kumbukumbu na ubongo wa boksi yenyewe. Hata hizo futa kwanza, washa gari uone kama zinarudi, maana betri ikishuka sana zinaweza kujitokeza. U0100 inasema tu kwamba boksi nyingine zimeikosa kontroo boksi kwenye mawasiliano, haisemi kwanini.

Kingine, piga staata huku unaangalia RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) kwenye mashine. Ikisoma sifuri wakati injini inazunguka, angalia sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) na waya zake. Bila hiyo taarifa boksi haitoi cheche wala mafuta, na hapo haijakosea.

8. Angalia kama inatoa amri.

Chomeka taa ya LED kwenye soketi ya nozo, piga staata, iwe inapepesa. Kwenye koili pima waya wa IGT (unaoleta amri ya cheche) kwa LED pia. Testa ya balbu ya kawaida usiilete kwenye hizi waya za sensa na za kuamuru koili, inavuta umeme mwingi kuliko zilivyoandaliwa na unaweza kuunguza sehemu iliyokuwa nzima.

Zote zikipepesa isipokuwa moja, hamisha koili au nozo kwenye silinda nyingine kwanza. Tatizo likihama, ni kifaa. Likibaki pale pale, pima waya kutoka pale mpaka kwenye boksi. Waya ukiwa mzima, basi ile sehemu ya ndani ya boksi inayoamuru silinda hiyo imeungua. Na kabla hujafika huko kumbuka koili za 1NZ zinatumia waya mmoja wa IGF kurudisha jibu, koili moja ikipiga shoti inaweza kuuangusha na kuziponza zote nne. Chomoa moja moja ujaribu.

9. Ifungue uiangalie.

Toa temino hasi ya betri, itoe boksi, gusa chuma cha gari kwanza ili mwili wako uondoe umeme tuli, alafu fungua skrubu za kava. Tafuta alama nyeupe au za kijani pembeni mwa pini, kijitobo cha kuungua, harufu ya plastiki iliyoungua, risasi (ile ya kuungia vifaa kwenye bodi) iliyopasuka kama kijiduara kuzunguka mguu wa pini. Hiyo ya mwisho inaonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia na tochi ya simu ukiilaza pembeni. Sio kitu cha kudhania, mwaka 2010 Toyota iliita zaidi ya gari milioni 1 za Corolla na Matrix za 2005 mpaka 2008 huko Marekani na Kanada kwa sababu ya nyufa kama hizo kwenye kontroo boksi, gari zilikuwa zinazimika au haziwaki. Gari za miaka ya 90, hasa Mitsubishi, angalia kapasita zilizovuja maji maji yanayokula njia za shaba. Boksi ya namna hiyo fundi mzuri wa elektroniki anaitengeneza, na kama ni kapasita au risasi tu, mimi nashauri itengenezwe kuliko kununua nyingine. Ni ya gari yako, kila kitu kinaendana.

SEHEMU YA PILI: NI NINI KIMEIUA

Usifunge nyingine kabla hujajibu hili. Boksi haifi bila sababu, na sababu ikibaki ya pili inakufa pia.

Maji ndo muuaji mkubwa. Kapeti ya upande wa abiria ikiwa imelowa, angalia bomba la kutolea maji ya AC kama limeziba, na gundi ya kioo cha mbele kama imeachia. Boksi ipo hapo hapo juu. Altaneta inayotoa volti zaidi ya 15 ni muuaji mwingine, gari ikiwa inawaka inatakiwa iwe 13.5 mpaka 14.5 hivi. Kubusti betri kwa kugeuza chanya na hasi. Kuchomelea bodi bila kutoa temino.

Na kuna ule mtindo wa gereji wa kuchomoa temino ya betri injini ikiwa inawaka eti kupima altaneta. Naomba kwa dhati muache. Betri ikitoka ghafla altaneta inarusha volti kubwa kwa muda mfupi sana, na huo muda mfupi unatosha. Maltimita inapima altaneta kwa sekunde tano bila kuhatarisha kitu.

SEHEMU YA TATU: KUBADILISHA

10. Linganisha namba zote, sio nusu.

Kwenye stika utaona namba ya Toyota inayoanza na 89661 au 89666, alafu kistari na tarakimu nyingine tano. Zote zifanane. Watu wanaambiwa "hii ni ya 1NZ, itaingia tu", kuingia itaingia, soketi zinafanana, ila ya gia za mkono na ya otomatiki ni tofauti, ya 4WD na 2WD zinaweza kuwa tofauti, na ya throto ya kebo haiendani na ya throto ya umeme. Ukienda Ilala au Gerezani pale Dar, au Kirinyaga Road kama upo Nairobi, beba boksi yako ya zamani mkononi, usiende na picha ya gari. Kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kama unaweza kuirudisha isipofanya kazi, na iandikwe kwenye risiti.

11. Jua mapema kama gari ina imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua funguo).

Angalia kama dashibodi ina taa ya alama ya ufunguo, na kama funguo yako ina chipu. Kama haina, kazi ni nyepesi. Kama inayo, boksi ya mtumba haiijui funguo yako na gari haitawaka, au itawaka sekunde moja na kuzima. Kuna njia mbili. Matoleo yenye kiboksi cha imobilaiza peke yake, nyingi unaunganisha pini 4 na 13 kwenye soketi ya kupimia, swichi ON, unaiacha dakika 30 zizoeane. Matoleo ambayo siri ya funguo ipo ndani ya kontroo boksi yenyewe, fundi wa funguo anahamisha taarifa kutoka kwenye kichipu kidogo cha kumbukumbu cha boksi ya zamani kwenda mpya. Kwahiyo usitupe ya zamani, na usimuachie mtu.

12. Toa temino hasi, subiri.

Sekunde 90 angalau, kwa sababu ya eabegi, maana unafanya kazi karibu na ya abiria.

13. Fungua droo.

Toa vitu vyote, bonyeza kuta zake mbili kwa ndani, ishushe, achia kile kikamba cha pembeni kama kipo. Piga picha kwa simu kabla hujagusa soketi yoyote. Fungua nati za namba 10, bonyeza kufuli ya kila soketi mpaka mwisho ndo uvute soketi yenyewe, sio waya. Kufuli za plastiki zilizokaa kwenye joto miaka 20 zinavunjika kirahisi sana, nenda taratibu.

14. Safisha na kagua soketi.

Puliza ile spirei, acha ikauke yenyewe. Petroli hapana. Angalia pini moja moja kama kuna iliyopinda au yenye ukijani. Ukifunga boksi nzima kwenye soketi yenye kutu, gari itakusumbua ile ile na utamlaumu muuzaji.

15. Funga nyingine.

Soketi ziingie mpaka usikie zinabana. Rudisha nati zote, boksi isining'inie kwa waya, mtikisiko unapasua risasi za ndani.

16. Rudisha betri, fungua swichi, subiri kwanza.

Taa ya cheki injini iwake. Kwa throto ya umeme usikanyage mafuta, acha swichi ON sekunde kadhaa ijipange. Alafu washa bila kukanyaga mafuta, iache sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta) dakika 10 mpaka 15, AC imezimwa. Mwanzoni inaweza kunguruma juu juu au kushuka kidogo, inajifunza upya. Endesha siku hiyo kawaida, jioni pima tena uone kama kuna kodi imebaki.

MATATIZO BAADA YA KUFUNGA

Haiwaki kabisa na taa ya cheki injini haiwaki: rudi hatua ya 3 mpaka ya 6. Uwezekano mkubwa boksi haikuwa shida.

Inawaka sekunde moja inazima: imobilaiza, hatua ya 11.

Inawaka ila sailensa inapanda na kushuka: safisha throto bodi, kagua mpira wa hewa kama umepasuka. Ikiendelea siku mbili tatu, hakikisha tena namba za boksi.

Gia zinagonga au hazibadiliki vizuri: kwenye nyingi ya hizi boksi moja inaongoza injini na gia, na kuna uwezekano umepewa ya gia tofauti. Usiendelee kuiendesha hivyo, gia boksi ni ghali kuliko kontroo boksi.

Feni haizimi au AC haishiki: rudi kwenye soketi, moja haijaingia mpaka mwisho.

Inazima ikipata moto alafu ikipoa inawaka: hii ni ngumu kuikamata. Sensa ya krenki inafanya hivyo hivyo, kwahiyo ipimwe kwanza ikiwa ya moto, RPM ikipotea kwenye mashine wakati unapiga staata ndo yenyewe. RPM ikiwepo, washa gari iache sailensa, tikisa waya karibu na kontroo boksi taratibu, alafu gonga kava kwa kidole. Ikizima unapogonga na sio unapotikisa waya, ni risasi iliyopasuka ndani, ipeleke kwa fundi wa elektroniki na umwonyeshe sehemu uliyogonga.